Je, Wajua? Homa za Kyela na kapsuli za rangi mbili

Je, wajua kwamba katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, kati ya kila watoto kumi waliofikishwa kituoni wakiumwa, saba waliandikiwa antibaiotiki? Hiyo ni hesabu ya vituo 20 vya afya vilivyoendelea na kazi kwa utaratibu wa siku zote, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la Nature Medicine: asilimia 70.1. Vituo vingine 20 vya mikoa hiyohiyo vilipewa kishikwambi chenye programu iitwayo ePOCT+, na huko walioandikiwa dawa hizo walikuwa asilimia 23.2. Watoto wa vituo vya kishikwambi hawakuzidiwa kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya antibaiotiki tunazowanywesha watoto wetu ingeweza kubaki kabatini bila mtoto kudhurika.

Wajua waliofanya kazi hiyo ni nani? Ni Rainer Tan na Valérie D'Acremont wa kituo cha Unisanté, Lausanne, Uswisi, pamoja na Watanzania wa Taasisi ya Afya Ifakara na wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), akiwemo Godfrey Kavishe. Kituo hicho cha Mbeya kilianza mwaka 1996 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, na mengi tunayoyajua leo kuhusu homa za Kyela, wilaya ya mwambao wa Ziwa Nyasa, yametoka humo.

Wajua kishikwambi chenyewe hufanya nini? Hakitibu mtu. Kinamwongoza tabibu asiruke hatua: umri, uzito, joto, kikohozi kina siku ngapi, mtoto ananyonya au hanyonyi. Kisha kinamtaka ahesabu pumzi, na hii ndiyo hatua inayorukwa upesi foleni ikiwa imefika mlangoni. Mama anampakata mtoto, fulana inapandishwa hadi kwapani, tabibu anatazama saa na kifua kwa dakika nzima bila kumgusa, maana mtoto akianza kulia hesabu imeharibika na inabidi kungoja atulie. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi na nimonia inashukiwa. Hapo kifaa kidogo kinabanwa kidoleni kupima oksijeni, na tone la damu linaweza kupimwa CRP, protini inayopanda sana mwili unapopambana na bakteria wakali. Dawa inakuja mwisho, baada ya hayo yote.

Dakika moja ya kutazama kifua haihitaji umeme wala mtandao. Kama kuna jambo moja ambalo zahanati yoyote ya Ipinda au Matema, huko Kyela, inaweza kulianza kesho asubuhi, ni hilo.

Je, wajua kwamba homa nyingi za watoto ni za virusi? Mwaka 2008 D'Acremont na wenzake walichunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, wakiwapima kila kitu kilichoweza kupimwa. Matokeo yalitoka mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine: asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa asilimia 5.9 na homa ya matumbo asilimia 3.7. Linganisha namba hizo mbili za mwisho na majibu tunayotoka nayo maabara za mtaani, ambako kila mwenye kichwa kinachouma anaambiwa ana "UTI na taifodi".

Virusi havifi kwa antibaiotiki. Hata kidogo.

Wajua kwamba wakati fulani malaria ilikuwa inaonekana hata mahali isipokuwepo? Katika hospitali mbili za Moshi, John Crump na wenzake walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mwaka 2007 na 2008. Madaktari waliwahesabu asilimia 60.7 kuwa wana malaria. Vipimo makini vilionyesha ni asilimia 1.6 tu. Wengine walikuwa na magonjwa ya bakteria kwenye damu, leptospirosisi, homa ya Q na mengine ambayo dawa ya malaria haiyagusi.

Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila homa ipimwe malaria kabla ya dawa. Kipimo cha haraka kikaenea nchini, na kiliokoa dawa mseto nyingi za malaria zilizokuwa zikitolewa bure. Lakini wajua kilichofuata? Mgonjwa akiambiwa hana malaria, mkono wa mwandikaji ulihamia kwenye antibaiotiki. Uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 500,000 kutoka Tanzania, Uganda na nchi nyingine, uliochapishwa mwaka 2017 katika British Medical Journal, ulionyesha kuwa wasio na malaria walipewa antibaiotiki kwa asilimia 69, na wenye malaria kwa asilimia 40. Simlaumu tabibu peke yake. Mama aliyetembea kutoka bondeni na mtoto mgongoni hataki kuambiwa "hana malaria, nenda nyumbani," na tabibu asiye na kipimo cha pili hana cha kumwonyesha.

Sasa tuje ziwani.

Kyela ni bonde la mvua: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikishuka kutoka milimani na kumwagika mashambani karibu kila masika. Je, wajua bonde hilo lina homa zake ambazo watu wa nyanda za juu za Mbeya hawazijui sana? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Norbert Heinrich na wenzake ulipima damu za watu mkoani Mbeya kutafuta alama za homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe na mbuzi uliotambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Naivasha, Kenya, miaka ya mwanzo ya 1930. Kwa mkoa mzima waliokuwa na alama walikuwa asilimia 5.2. Karibu na Ziwa Nyasa walikuwa asilimia 29.3. Watu hao waliwahi kuambukizwa na kupona bila jina la ugonjwa kuandikwa popote, na ni rahisi kukisia ni vidonge gani walivyomeza.

Je, wajua kwamba kupe naye ana homa yake? Mwaka 2013 watafiti haohao wa Mbeya waliripoti kuwa zaidi ya nusu ya watu waliopimwa mkoani walikuwa na alama za kuwahi kukutana na riketsia za homa ya madoa, na maeneo yenye joto zaidi yaliongoza. Riketsia ni bakteria, kwa hiyo antibaiotiki inafaa, ila lazima iwe ile yenyewe. Amoksilini haifui dafu mbele yake. Doksisaiklini ndiyo dawa.

Na panya wa mpunga? Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliozua hofu mkoani Lindi, wagonjwa wengine wakitokwa damu puani, ulikuwa homa ya mgunda, yaani leptospirosisi. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu walifariki. Bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, hukaa majini, na huingia mwilini kupitia mchubuko mdogo wa ngozi. Anayeshinda jarubani miguu ikiwa majini aujue ugonjwa huu kwa jina na amtajie tabibu kazi yake. Ukiwahiwa, doksisaiklini au penisilini huutibu. Ukichelewa, figo na ini hudhurika.

Wajua kipindupindu hakitibiwi kwanza kwa antibaiotiki? Kinachoua ni maji na chumvi kuutoka mwili, na kinachookoa ni kuvirudisha. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 80 ya wagonjwa wanaweza kupona kwa maji ya chumvichumvi ya ORS peke yake, wakiwahi. Waliozidiwa huwekewa dripu, na antibaiotiki huongezwa kwa hao ili kufupisha kuharisha. Ng'ambo ya Songwe, Malawi ilipata mlipuko mbaya kuliko wote katika historia yake kuanzia Machi 2022: wagonjwa zaidi ya 58,000 na vifo zaidi ya 1,700. Mpaka wa Kasumulu hauzuii maji wala samaki wala abiria, na mwambao wetu umeshaonja kipindupindu mara kadhaa. Pakiti ya ORS nyumbani ina thamani kuliko kapsuli zote za dukani.

Je, wajua kwamba matende na mabusha, ugonjwa wa kale wa Kyela, una bakteria aliyejificha ndani ya mnyoo? Mnyoo wa Wuchereria anaishi na bakteria aitwaye Wolbachia, na bila huyo mnyoo hazai vizuri na mwisho hufa. Kwa hiyo doksisaiklini ya wiki kadhaa, inayoua bakteria, humdhoofisha mnyoo pia. Nchini Ghana wagonjwa waliopewa dawa hiyo kwa wiki sita walipata nafuu ya uvimbe wa miguu. Si dawa ya kumpa kila mtu, hasa wajawazito na watoto wadogo, lakini ni mfano mzuri wa antibaiotiki kutumiwa kwa akili, pale inapojulikana inamlenga nani.

Na kuna jingine lililotoka Kyela na kusomwa dunia nzima. Mwaka 2016 Inge Kroidl na wenzake walichapisha katika The Lancet matokeo ya kuwafuata watu wa Kyela kwa miaka kadhaa: waliokuwa na mnyoo wa matende waliambukizwa VVU takribani mara mbili zaidi ya wasiokuwa naye. Wataalamu walikuwa wameshuku jambo hilo kwa muda mrefu. Wakulima na wavuvi wa mwambao wa Nyasa, kwa kukubali kutoa damu yao mwaka hadi mwaka, ndio waliolithibitisha. Sijui kama wengi wao wamewahi kuambiwa ukubwa wa mchango wao. Wanastahili kuambiwa.

Wajua homa ya nguruwe? Ni ya virusi, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Haina tiba, na kumdunga nguruwe oksitetrasaiklini ni kupoteza hela huku masalia ya dawa yakibaki kwenye nyama. Dawa yake ni banda lililofungwa na mabaki ya nyama yasiyopikwa kutomfikia mnyama.

Je, wajua kwamba dawa iliyokufa imewahi kufufuka, tena kwa jirani zetu? Malawi iliachana na klorokwini mwaka 1993, ya kwanza barani Afrika, kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa haviisikii tena. Sisi tulifuata mwaka 2001. Miriam Laufer na wenzake walipoijaribu tena Blantyre mwaka 2005, klorokwini iliponya asilimia 99 ya watoto waliopewa. Miaka 12 ya kupumzishwa ilitosha vimelea sugu kuzidiwa na wale wa kawaida. Natamani bakteria nao wangekuwa hivyo, lakini mara nyingi hawako hivyo. Vinasaba vya usugu huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa jamii tofauti, kama jembe linaloazimwa kutoka nyumba hadi nyumba, na vingi husafiri pamoja, kwa hiyo kuiacha dawa moja hakutoshi ikiwa nyingine inaendelea kumwagwa.

Usugu huo unaua, na hapa Tanzania ulianza kuhesabiwa zamani. Mwaka 2007 Bjørn Blomberg na wenzake wa Muhimbili walichapisha hesabu ya watoto waliolazwa na homa. Waliokuwa na malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu-hasi katika damu walifariki kwa asilimia 43.5. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba dawa waliyoanzishiwa haikuwa na nguvu juu ya bakteria waliokuwa nao.

Wajua Mbeya ilikuwemo pia katika utafiti mkubwa wa HATUA, pamoja na Mwanza na Kilimanjaro, huku Kenya na Uganda zikishiriki? Upande wa Tanzania aliuongoza Profesa Stephen Mshana wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Bugando, mtu aliyeutumia muda mwingi wa maisha yake ya kazi kuwafuata bakteria sugu wodini, mifugoni na majumbani. Kati ya maelfu ya watu wenye dalili za UTI waliopimwa mkojo, ni kiasi cha theluthi moja tu ndio waliokutwa na bakteria wa kusababisha ugonjwa. Na kati ya bakteria hao, takribani nusu walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa. Someni namba hizo mbili pamoja: wengi wanameza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, na walio nao wanameza dawa isiyowafaa.

Duniani kote, mwaka 2019, usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27.

Je, wajua duka la dawa muhimu, lile lenye kibao cha DLDM, lilianzia wapi? Mkoani Ruvuma, mwambao mwingine wa ziwa hilihili, mwaka 2003. Kabla ya hapo yalikuwepo maduka ya dawa baridi, yasiyoruhusiwa kuuza antibaiotiki lakini yakiziuza. Serikali ikaamua ni heri kuwafundisha wauzaji, kuwasajili, na kuwaruhusu dawa chache kwa cheti cha daktari. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa vijiji vilivyo mbali na hospitali. Tatizo liko kwenye cheti. Simama kaunta siku ya gulio uone: "Dokta, naomba amoksilini za elfu moja." Mkasi unapita kwenye karatasi ya dawa, kapsuli nne za rangi mbili zinaanguka kwenye bahasha ndogo, na upande wenye jina na tarehe ya kuisha muda unabaki na muuzaji. Hakuna aliyeuliza umri, uzito wala ujauzito. Siku ya pili mgonjwa anajisikia nafuu au pesa imekwisha, na bakteria waliobaki ni wale waliostahimili.

Wajua kwamba kumaliza dozi si suala la siku nyingi kila mara? Mtoto mwenye nimonia ya kawaida hutibiwa kwa siku chache tu, wakati kifua kikuu huchukua miezi. Na hiyo tiba ya miezi sita ya kifua kikuu inayotumika duniani kote ilitokana na majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki, matokeo ya kwanza yakitoka mwaka 1972. Kabla yake wagonjwa walitibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mbeya iliendeleza kazi hiyo: ilikuwa miongoni mwa vituo vya Tanzania na Afrika Kusini vilivyopima rifampisini ya dozi kubwa, matokeo yakitoka mwaka 2017.

Na je, wajua kuna utafiti uliofanya kinyume cha haya yote? Kuanzia mwaka 2014 watoto wapatao 190,000 wa Niger, Malawi na Tanzania waligawiwa azithromisini au dawa isiyo na kitu, mara mbili kwa mwaka, wakiwa wazima. Vifo vilipungua kwa asilimia 13.5 kwa ujumla, na Niger kwa asilimia 18.1. Kilosa, upande wetu, tofauti ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba huenda ni bahati tu. Baadaye usugu uliongezeka Niger. Watu waaminifu wanabishana kuhusu jambo hili, na wana haki. Kwa maoni yangu, pale watoto wanapokufa kwa wingi hoja ya kuwagawia ina uzito. Kyela inahitaji zaidi kipimo, maji safi na tabibu mwenye muda.

Mwaka 2023 taifa lilizindua kampeni ya Holela-Holela Itakukosti. Basi msomaji wa Kyela, ianzie nyumbani kwako. Ukiandikiwa antibaiotiki, uliza: umepima nini, na dawa hii inaua nini? Usikubali kapsuli zisizo na jina wala tarehe. Usimpe mtoto mabaki ya dawa ya kaka yake. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke vizuri, au ambaye mbavu zinabonyea akivuta pumzi, huyo usimpeleke duka la dawa na usingoje kuche. Mpeleke hospitali sasa hivi, maana yeye ndiye ambaye antibaiotiki sahihi, ikitolewa mapema, inaweza kumwokoa.